Flamingo wa Nakuru walienda wapi? Mgeni wangu amewakuta Simbi, Kendu Bay

1. MkaziWaLanet

Habari zenu wadau.

Nina mgeni nyumbani. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyezaliwa Uingereza, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga Kenya. Ana miaka 19. Sebuleni kwao imetundikwa kalenda ya zamani, ya 1989, imeandikwa "Nakuru". Ziwa lote ni waridi, flamingo wamebanana hata maji hayaonekani. Amekua akiitazama hiyo. Ukimuuliza Kenya ni nini, kabla ya simba na kabla ya ugali atakutajia hao ndege.

Basi nikampeleka mbugani asubuhi na mapema. Faru tuliwaona mpaka akaacha kupiga picha. Nyati, twiga, ndege mwari wenye mfuko mdomoni wamejipanga kama wanafunzi gwarideni. Lakini flamingo walikuwa utepe mwembamba ng'ambo ya ziwa, wa kutafuta kwa darubini, na mbele yao migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji. Mtoto hakulalamika. Aliuliza tu, "Mjomba, msimu wao haujafika?" Sikuwa na jibu.

Ijumaa tukashuka Kendu Bay akamsalimie bibi yake. Jioni nikamtembeza Simbi kunyoosha miguu. Wenzangu, kile kijiziwa kidogo kilikuwa kimejaa flamingo! Walisimama karibu na ukingo, unasikia midomo yao ikichuja maji. Alikaa kwenye nyasi mpaka giza likaingia.

Maswali yangu ni mawili. Nakuru waliondoka kwa nini? Na hawa wa Simbi ndio walewale? Msiniambie "tabianchi" halafu mkaondoka. Nataka kumweleza mtoto kabla hajapanda ndege kurudi.

2. Dereva_Tangu98

Pole, ndugu. Nimebeba watalii mbuga hiyo tangu 1998 na swali hilo naulizwa kila wiki.

Zamani kazi ilikuwa rahisi. Unapanda Baboon Cliff, lile genge la juu ya ziwa, unazima injini, unanyamaza. Mgeni anabaki kinywa wazi. Kisha maji yakaanza kupanda, 2010 kuelekea 2011. Lango kuu tulilokuwa tukiingilia likamezwa. Barabara iliyozunguka ziwa ikakatika hapa na pale, na migunga ikafa imesimama kama ulivyoiona. Sasa nikimpokea mgeni namwambia tukiwa bado mjini kwamba tunakwenda kuona faru, flamingo wakiwepo ni bahati yake.

Jibu ni maji.

3. Mwalimu_Njoro

Dereva amesema kweli ila amekatiza njia. Maji mengi peke yake hayamfukuzi flamingo, ana miguu mirefu na kuogelea anajua. Kinachomfukuza ni njaa.

Kuna flamingo mkubwa na flamingo mdogo. Aliyeifanya Nakuru iwe waridi ni huyu mdogo, na chakula chake kikuu ni spirulina, kiumbe kidogo mno cha rangi ya kijani na buluu kinachostawi kwenye maji ya magadi. Hata uwaridi wake hutoka kwenye chakula. Kifaranga huwa wa kijivu.

Sasa tazama ziwa. Njoro, Makalia na Nderit zinaingia, chemchemi za Baharini zinaingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kukaushwa na jua, chumvi inabaki. Ziwa limetoka karibu kilomita za mraba 40 likapita 60. Akina mama wa huku wanaelewa haraka: magadi uliyopimia sufuria moja ya mrenda ukiyatia kwenye pipa zima, mrenda hautalainika. Maji yanapoa ukali, spirulina inapungua, vijimea vingine vinachukua nafasi, na flamingo anakwenda kutafuta sufuria nyingine.

Simbi ni sufuria ndogo yenye magadi mengi.

4. BintiMwariki

Nimesoma hapo juu "maji yakapanda" kama habari ya ndege tu. Kwetu yalipanda hadi chumbani.

Mama yangu alijenga Mwariki kwa miaka kumi na moja, chumba kimoja kimoja. Hatukuona wimbi wala mafuriko ya mto. Choo cha shimo ndicho kilichoanza kujaa kutoka chini. Halafu sakafu ya jikoni ikawa na unyevu, tukadhani bomba limepasuka. Mwezi mmoja baadaye tulikuwa tunavua viatu kuingia sebuleni. Kuna ofisi tulikwenda mara nne, kila mara tunaandika majina kwenye daftari jipya. Mpaka leo mama anapanga chumba Kiamunyi, na nyumba yake ndege wanatua juu ya paa.

MkaziWaLanet, mpwa wako akirudi tena mlete upande wetu pia. Hii nayo ni Nakuru.

5. MkaziWaLanet

Dada, pole sana. Nitamleta kabla hajaondoka, nikiandika hivi ameshakubali.

6. Mzee_Kaptembwo

Wanangu, mimi nimezaliwa 1949. Mnaongea kama ziwa hili limeanza kucheza juzi.

Nikiwa mtoto, ziwa lilikauka mpaka upepo wa mchana ulibeba vumbi jeupe la magadi kuja mjini. Nguo zilizoanikwa zilikuwa zinafuliwa mara ya pili. Halafu ikanyesha mvua ya 1961, ile watu waliyokuja kuiita mvua ya uhuru, ikaendelea hadi mwaka uliofuata. Maziwa yote yakajaa. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili katika miaka ile michache. Baadaye likashuka polepole, flamingo wakaenda wakarudi. Kati ya 1995 na 1996 Nakuru ilikauka tena, huyo dereva wetu hakuwa ameanza kazi.

Kwa hiyo mimi nasema ni mzunguko. Ziwa lina pumzi yake. Tulieni.

7. Mwalimu_Njoro

Shikamoo mzee. Kumbukumbu hiyo inasaidia kuliko vitabu vingi. Ila tofauti naiona. Ziwa likikauka flamingo wanaondoka, likirudi kidogo wanarudi, kwa sababu chumvi iko palepale. Safari hii limejaa na kukaa limejaa miaka zaidi ya kumi. Pumzi ndefu mno hiyo, mzee.

8. SautiYaMau

Mmezungumzia ziwa hamjapanda mlimani. Mito yote mitatu aliyoitaja mwalimu inatoka upande wa Mau na Eburru. Babu yangu alivuka Mto Njoro kwa kamba mwezi wowote wa mwaka. Leo kuna miezi unavuka na viatu vyako vya kanisani, na wiki inayofuata mvua ikipiga unakuja mwekundu na kuangusha daraja. Msitu ulikuwa sifongo. Ulipokatwa, maji hayanywewi tena na ardhi, yanateremka yote na udongo wake, yanaingia ziwani. Tope linajaza chini, maji yanapanda juu.

Kwangu mimi flamingo walifukuzwa na shoka.

9. Omera_Kondele

Ndugu SautiYaMau, swali dogo. Kama ni Mau, mbona Baringo nayo ilijaa mpaka hoteli zikazama? Mbona Turkana imepanda? Turkana karibu maji yake yote yanatoka Ethiopia kwa Mto Omo. Hakuna shoka la Mau lililofika huko. Na hapa Kisumu 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi, Dunga tulitembea ndani ya maji pale tulipokuwa tunakula samaki. 2024 likarudia.

10. SautiYaMau

Sikusema Mau pekee. Nimesema Nakuru. Mvua ikinyesha Kenya nzima, aliyekata msitu wake anaumia zaidi ya jirani. Haya mawili hayapingani.

11. BwanaMawe

Wote mnaangalia juu, angalieni chini. Tuko kwenye Bonde la Ufa, ardhi inapanuka. Mwaka 2018 barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipasuka pale Suswa, ufa ukaingia mashambani. Maji ya chini ya ardhi yana njia zake, zikizibwa au kufunguka ziwa linapanda au linashuka. BintiMwariki mwenyewe amesema maji yalitokea chini, hayakuja kwa mto.

12. Mwalimu_Njoro

BwanaMawe, huo ufa wa Suswa wataalamu wenyewe waligawanyika. Wengine walisema ni mvua kubwa iliyochimbua majivu laini ya volkano, na ufa ulikuwepo chini siku nyingi. Maji kutokea chooni ni kawaida ziwa likipanda: maji ya ardhini ya jirani nayo hupanda. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa kujaa iliweka mvua na mabadiliko ya tabianchi mbele, matumizi ya ardhi na tope yakafuata, na mambo ya miamba hayakuachwa nje.

13. BwanaMawe

"Hayakuachwa nje." Asante, hapo ndipo nilipotaka ufike.

14. Nyakwar_Seme

Na sisi huku ziwani mzee wetu anasema ni Waganda wamefunga bwawa Jinja 😄

15. Omera_Kondele

Jinja mwambie akalaumu Victoria. Nakuru haina bomba la kwenda Uganda. Halafu Nakuru iko juu yetu zaidi ya mita 600, maji hayapandi mlima Kericho, omera.

16. Mswahili_Kaloleni

Assalaam aleikum. Niko Kisumu hapa Kaloleni, wazee wetu walitoka pwani. Naomba msameheane lakini ndege huyu ana jina la Kiswahili, anaitwa heroe. Kuna aliyeniandikia pembeni kwamba ni korongo. Hapana. Korongo ni ndege mwingine wa miguu mirefu, hana uwaridi huo.

17. Mama_Mbita

Korongo pia ni mnyama! Yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, wa Ruma. Ni mbuga hiyo tu katika Kenya nzima ambako bado anapatikana porini. Tunaishi karibu, watoto wa shule wanapelekwa kumtafuta na mara nyingi wanarudi bila kumwona, nyasi za Lambwe ni ndefu.

18. Mswahili_Kaloleni

Kweli mama, kamusi zinamtaja. Na korongo ni bonde lililochimbwa na maji vilevile, kama hayo ya SautiYaMau. Neno moja limebeba ndege, mnyama na shimo. Lakini heroe abaki heroe.

19. NyarKarachuonyo

Nimengoja mtu ataje Simbi vizuri. Mimi nimezaliwa hapo karibu, wacha niieleze kama dani, bibi yangu, alivyotueleza, mpwa wa ndugu yetu asome.

Simbi kilikuwa kijiji. Usiku mmoja kulikuwa na sherehe, pombe na ngoma, watu wameshiba. Akaja bibi kizee, mgeni, amechoka, vidonda mwilini, anaomba mahali pa kulala na moto wa kuota. Wakamfukuza. Nyumba ya kwanza wakamfukuza, ya pili wakamfukuza, kwenye sherehe wakamcheka. Mama mmoja tu, maskini, akamwingiza kwake akamwosha na kumpa chakula. Bibi akamwambia, "Mchukue mumeo na watoto, mtoke usiku huu." Mume alikuwa kwenye pombe, akakataa. Yule mama akatoka na watoto. Mvua ikashuka, maji yakatoka juu na chini, kijiji kikazama na ngoma zake. Simbi nyaima, Simbi iliyozama.

Dani alikuwa akimaliza hapo anatuuliza: mgeni akipiga hodi usiku mnafanyaje? Na sisi tunajibu kwa pamoja, tunafungua. Mpaka leo nyumba yetu haikatai mtu. Watu wazima wanasema usiku ukitulia ngoma zinasikika chini ya maji. Mimi nimesikia kitu mara moja, nikiwa na miaka kama tisa. Sitasema ilikuwa nini.

20. BwanaMawe

Hadithi nzuri sana, dada. Ila ni kreta. Mlipuko wa volkano: mvuke na moto chini ulikutana na maji, ardhi ikapasuka, shimo likabaki na kujaa. Ndiyo maana ni duara, ndiyo maana kina chake ni zaidi ya mita 20 kwa ziwa dogo hivyo, na ndiyo maana maji yake ni ya magadi ingawa Ziwa Victoria lenye maji matamu liko karibu kilomita moja tu.

21. NyarKarachuonyo

Na dani alisema maji yalitoka juu na chini. Umesema nini tofauti?

22. Ochieng_wa_Oyugis

Kwetu hadithi ina mwisho mwingine. Yule mama aliambiwa asigeuke nyuma, akageuka, akawa mti. Bibi yangu alisema hivyo.

23. NyarKarachuonyo

Hilo mmechukua kwa mhubiri, la mke wa Lutu 😂 Karachuonyo hakuna mti.

24. Ochieng_wa_Oyugis

Bibi yangu hakuwahi kuingia kanisani maisha yake yote. Lakini sawa, kijiji ni chenu.

25. Laizer_Arusha

Habari jirani. Niko Arusha, nimesoma uzi wote. Mmesahau kwamba ndege hao wote wanazaliwa kwetu 😀

Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huanguliwa Ziwa Natron. Wanajenga vichuguu vya matope katikati ya ziwa, mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki kwa ukali wa magadi, jike anataga yai moja. Natron ikijaa mno vichuguu vinazama, ikikauka mno adui anatembea mpaka kwenye viota. Kwa hiyo mnapouliza walienda wapi, jiulizeni pia wamezaliwa wangapi. Mwaka mbaya Natron ni miaka mingi mibaya kwenu.

26. Dereva_Tangu98

Laizer, hilo sikulifikiria, nasema kweli. Nimekuwa nikihesabu waliokuja. Ambao hawakuzaliwa sikuwahesabu.

27. Mpenda_Ndege_Nax

Nimechelewa. Nahudhuria hesabu za ndege wa majini kila nikipata nafasi, naomba niongeze na nisahihishe.

Moja, "walihama Nakuru" si neno sahihi. Flamingo mdogo hana makao mamoja wala msimu maalumu kama mbayuwayu. Waliofungwa vifaa vya kufuatilia kwa setilaiti walionekana wakirukaruka kati ya Bogoria, Nakuru, Elementaita, Magadi, Natron, Manyara, bila ratiba, na wanaruka usiku. Leo wako hapa, kesho ziwa lingine. Nakuru iliwahi kuhesabiwa hata zaidi ya milioni moja, lakini hata enzi hizo kuna miezi walikuwa karibu hakuna. Kalenda haipigwi picha mwezi huo.

Pili, hata kabla ya maji kujaa walikuwa na shida. 1993 na 1995 walikufa kwa maelfu Bogoria na Nakuru. Mpaka leo watu wanabishana. Wengine walipima mizoga wakakuta madini mazito, wakatazama viwanda na maji taka ya mji yanayoishia ziwani. Wengine walikuta sumu inayotengenezwa na baadhi ya vijimea vya majini vyenyewe. Wengine walikuta bakteria ya kifua kikuu cha ndege. Huenda yote matatu, ndege mwenye njaa hufa kwa jambo dogo.

Tatu, samaki. Yule tilapia mdogo aliletwa kutoka Ziwa Magadi miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu. Akazaana, mwari wakamfuata, ndio hao MkaziWaLanet aliowaona. Wanazalia Elementaita na kuja kula Nakuru. Ila tilapia huyu naye anakula spirulina. Anakaa meza moja na flamingo.

28. BintiMwariki

Samaki hao usiwataje. Maji yalipofika mitaani vijana walianza kuvua na kuuza barabarani, rahisi kuliko wa Kisumu. Tulikula. Kisha tukaambiwa wana madini mazito. Nimeacha, lakini wenye njaa hawajaacha, na kiboko wameshaua vijana humo.

29. Mama_Mbita

Pole binti yangu. Njoo Mbita nikupikie ngege wa maji matamu, na omena wa kukaanga.

30. Shitanda_Mzalendo

Naona uzi umekuwa wa samaki, basi na mimi niingie. MkaziWaLanet, mtoto ametoka mbali, umemwonyesha ndege tu? Vuka uje Kakamega. Msitu wetu ndio kipande cha mwisho Kenya cha ule msitu mkubwa wa Kongo. Kuna kima wadogo wenye ndevu nyeupe kama mzee wa baraza, kuna ndege mkubwa wa buluu anayekimbia juu ya matawi. Jumamosi akisikia isukuti atajua Kenya inachezwa na miguu. Hiyo ngoma iliingizwa UNESCO 2014 katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka, maana vijana wanaisahau. Na kuku atakula mwenyewe, kwetu mgeni hapewi shingo.

31. Nyakwar_Seme

Mluhya akitaja UNESCO lazima afike kwenye kuku 😂 Sisi tuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe bila udongo wala simiti, karne kadhaa zimesimama, UNESCO 2018. Na Kit Mikayi hapa Seme, jiwe la mke wa kwanza. Mzee alikuwa anakaa pale mchana kutwa, mkewe anampelekea chakula, watu wakiuliza yuko wapi wanaambiwa yuko kwa mke wake wa kwanza.

32. Shitanda_Mzalendo

Hata jiwe lenu ni habari ya chakula, ndugu. Tusichekane.

33. Dereva_Tangu98

Kwa kuwa mmefika huko, mwambie mpwa kwamba wale twiga aliowaona Nakuru wenye miguu myeupe kama wamevaa soksi ni watu wa magharibi. Waliletwa miaka ya 1970 kutoka Soy, karibu na Eldoret, shamba zilipokuwa zinawabana. Faru weupe nao asili yao Afrika Kusini. Tilapia wa Magadi, heroe wa Natron. Mbuga nzima ni wageni waliopokelewa.

34. MkaziWaLanet

Nimerudi. Asanteni wote, nimemsomea mpwa uzi huu karibu wote, nikimtafsiria. Ya NyarKarachuonyo alitaka nirudie mara mbili.

Jana tulikwenda Mwariki na BintiMwariki akatupokea, asante sana dada. Tulisimama mwisho wa barabara pale inapoingia majini. Mpwa aliuliza nyumba ya mama ni ipi, akaonyeshwa paa. Juu ya paa walikuwepo mnandi wawili wanakausha mabawa. Alinyamaza njia yote ya kurudi Lanet.

Sasa kuna jambo jipya. Aliomba mama yake ampigie picha ile kalenda ya sebuleni na kuituma. Naiweka hapa chini. Itazameni nyuma ya ndege.

35. Dereva_Tangu98

Hiyo si Nakuru.

Tazama kulia, ukuta mrefu wa mlima ulioshuka wima mpaka majini. Na kushoto ule moshi mweupe ukingoni. Huo ni mvuke wa chemchemi za moto. Hiyo ni Bogoria, nimesimama hapo mara mia.

36. Mzee_Kaptembwo

Kijana, usikimbilie. Ule weupe unaweza kuwa vumbi la magadi, nimewaambia lilikuwa linapaa Nakuru. Na mlima unaweza kuwa upande wa magharibi wa ziwa. 1989 maji yalikuwa chini, ukingo ulikuwa mwingine kabisa na ulivyouzoea wewe.

37. Mpenda_Ndege_Nax

Nimeikuza. Mvuke unaanzia sehemu moja na kupanda juu, vumbi hulala. Mimi naegemea Bogoria. Wapiga chapa wa kalenda walikuwa wanaandika Nakuru kwa kila flamingo kwa sababu jina lilikuwa linauzika. Lakini picha imefifia, siwezi kuapa.

38. Mzee_Kaptembwo

Basi usiape. Mimi naliona ziwa langu hapo.

39. MkaziWaLanet

Nimemwambia mtoto kwamba huenda amependa ziwa lingine miaka yote hii. Amecheka. Anauliza Bogoria ni mbali kiasi gani, anarudi Uingereza Jumatano.

40. Dereva_Tangu98

Kutoka Lanet ni chini ya saa mbili, unapita Mogotio, unakunja Marigat. Maji yamepanda huko pia na njia ya ndani imebadilika, ila Bogoria bado ni kali na mara nyingi heroe wapo. Jumatatu sina wageni. Jazeni mafuta tu, nitawapeleka mwenyewe.

41. NyarKarachuonyo

MkaziWaLanet, nimepita Simbi leo alfajiri nikienda sokoni. Jana jioni walikuwa wamejaa kama ulivyowaacha. Usiku nilisikia sauti zao juu ya nyumba, kama bata wengi wanaogombana mbali, nikajua wanasogea. Leo ukingoni kuna manyoya tu na nyayo. Wamebaki kama ishirini upande wa mbali.

Nimeokota unyoya mmoja, nitampa mtu wa matatu ya asubuhi amletee mtoto. Mwambie aupokee stendi ya Nakuru.

42. Laizer_Arusha

Wameelekea upande gani?

43. NyarKarachuonyo

Giza lilikuwa nene. Nilisikia tu.